Mizinga Mitano ya Mzee Venanti

Sajenti Mwatumu alikuwa na namna yake ya kuanza mahojiano, na wenzake pale kituoni Kasulu walimcheka kwa namna hiyo. Hakuanza kwa kuuliza mtu alikuwa wapi jana wala nani alimwona. Alichukua neno moja lililo katikati ya kesi, akaliweka mezani kama sufuria iliyofunikwa, kisha akangoja mwenzake afunue mwenyewe.

"Nikisema mzinga," alimwambia Floribert asubuhi ile, "wewe unaona nini?"

Floribert alikuwa kwenye benchi, mikono kati ya magoti. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, muuza asali na vipande vya sabuni katika soko la kambi ya Nyarugusu. Jana yake jioni alikamatwa akitoka msituni na ndoo ya asali, siku ileile Mzee Venanti alipokwenda kukagua mizinga yake akakuta mitano haipo mitini. Aliyemkamata alikuwa Bazilio, mlinzi wa msitu, mwanajeshi mstaafu, ambaye sasa alisimama mlangoni amebana mikono nyuma kana kwamba bado yuko gwarideni.

"Muzinga?" Floribert aliinua macho. "Afande, mi naona bana yangu."

"Watoto wako wameingiaje hapa?"

"Kwetu Fizi, muzinga ikilia kule ku mulima, unabeba mutoto, unaacha sahani na chakula ndani. Ya nyuki nayo najua. Lakini ile ya vita njo inatangulia kuya."

Bazilio alikohoa. "Hapo amesema kweli. Mzinga ni wa jeshi, afande. Nyuki wameazima tu."

"Sijakuuliza wewe, Bazilio. Zamu yako itafika."

Mwatumu aliivuta ndoo karibu, akachota kwa kijiko. Juu ya asali palielea majivu. Nyuki waliokufa walikuwa na mabawa yaliyoungua. Masega yenyewe yalikuwa membamba, yamepinda huku na huku.

"Umeitoa wapi?"

"Mu shimo ya muti. Nilitia moto, nyuki bakatoka, nikakamata. Mi sikugusa muzinga ya mutu."

"Kibali chako cha kutoka kambini kinasema soko la Makere. Hakisemi msitu."

"Nilifika soko, afande. Miguu ikaendelea."

"Miguu yako haisomi kibali?"

"Inasoma. Njaa njo haisome."

Mwatumu alijikaza asicheke. Hapakuwa na la kucheka sana. Keshokutwa Floribert, mkewe Therese na watoto wao walitakiwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa ughaibuni, mahojiano waliyoyangoja tangu mtoto wao mdogo hajazaliwa. Familia yenye kesi mahakamani huwekwa kando, na ikishawekwa kando hakuna anayejua itaitwa tena lini. Faili la Floribert lilitakiwa kwenda mahakamani kesho asubuhi.

"Tumebakiwa na usiku mmoja," Mwatumu alisema akichukua kofia. "Bazilio, kamwite Mzee Venanti. Twende mkanionyeshe hiyo miti."

* * *

Mzee Venanti alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukichechemea tangu mwaka jana alipoanguka kutoka juu ya mninga. Hilo halikumzuia kutangulia njiani. Nyuma yake walifuatana Bazilio na Mwatumu, na kabla hawajafika kwenye mti wa kwanza wale wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuanza ugomvi wao wa siku zote.

"Mwambie afande mzinga ni nini," Bazilio alichokoza.

"Umuzinga ni nyumba ya nyuki. Babu yangu aliuchonga, na babu yake pia."

"Mimi nimepiga mizinga ya heshima uwanjani, wakubwa wote wamesimama, madirisha yanatetemeka. Hiyo ndiyo mizinga. Ninyi mkaja kuyaita magogo yenu jina la watu."

"Eti!" Mzee alisimama, akageuka na mguu wake mbovu. "Lile dude la chuma lilishuka pwani majuzi tu. Watu wakalitazama: la mviringo, wazi ndani, tundu moja mbele, ukilichokoza linanguruma na mtu analia. Wakasema, si mzinga huu? Jina wakaliokota kwetu, wakasahau kurudisha."

"Na bata mzinga naye? Kuna asali ndani yake?"

"Huyo aliitwa na watu kama wewe. Anajivimbisha, anapiga kelele, hana kitu ndani."

Mwatumu alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Mimi ni mtu wa Pangani," alisema. "Kwetu wazee wana neno kuzinga, yaani kuzunguka. Mtu akizingirwa na shida ni hilohilo. Siwezi kuapa kwamba mzinga umetoka huko. Lakini tazameni, kila kinachoitwa hivyo ni duara lenye uwazi, na ndani kuna kitu ambacho hutaki kikutoke ghafla."

"Afande kanipa ushindi," Mzee alisema.

"Sijampa mtu. Mti wenyewe uko wapi?"

Mininga mitano ilisimama kando ya korongo. Mwatumu aliizunguka mmoja mmoja. Chini hapakuwa na majivu. Hapakuwa na nyuki waliokufa. Alipapasa magome: palikuwa na makovu ya miguu ya mpandaji, mengi, ila yote yamekauka, rangi ya kijivu. Jipya hata moja halikuwapo.

"Mzee, mara ya mwisho umepanda lini?"

"Kabla ya mvua kuanza."

"Basi tangu hapo hakupanda mtu."

"Alipanda, afande," Bazilio alisema. "Mizinga haina miguu."

Mwatumu alivua viatu, akaviweka pembeni na kofia juu yake, kisha akalishika tawi la chini.

"Afande! Afande, shuka!" Mzee Venanti alifunika uso kwa kiganja. Bazilio, aliyepigana vita, aligeukia upande wa pili kama mtoto aliyekuta wakubwa wakioga. "Huku kwetu mwanamke hapandi mti! Wala paa la nyumba hapandi! Ni mwiko huo!"

"Mimi nimevaa suruali ya serikali," sauti ilijibu kutoka juu. "Mwiko wenu mtaupeleka kwa kamanda."

Kulabu ya mti iliyokuwa imebeba mzinga ilikuwa palepale, haikuvunjika. Lakini juu kidogo, kwenye panda ya tawi, gome lilikuwa limechubuka mfereji mwembamba, mbichi, unaonata utomvu. Kamba imepita hapo ikiwa na mzigo mzito. Alishuka akaenda kwenye mti wa pili, akaona mfereji kama ule. Na wa tatu.

Ni chini ya ule wa mwisho, katika majani makavu, alipokanyaga jiwe. Lilikuwa la ukubwa wa embe, jeusi, limelainika upande mmoja mpaka linateleza. Alilinusa.

"Mwizi alikuwa anawatupia nyuki mawe," Bazilio alisema.

"Inawezekana." Mwatumu alilitia mfukoni. "Mzee, wewe ukitaka kuhamisha mzinga wenye nyuki ndani, unafanyaje?"

"Jioni, wakisharudi nyumbani wote. Unaziba tundu kwa nyasi mbichi, halafu unauteremsha taratibu kama unambeba mgonjwa. Ukifika unakokwenda, unazibua."

"Na nani anayajua hayo?"

"Kila mwanamume wa huku, mwanangu. Yule Mkongo naye atakuwa amejifunza."

"Yule Mkongo alichoma moto," Mwatumu alisema. "Asali yake imejaa majivu, na masega yake yamepinda kwa sababu shimo la mti limepinda. Masega ya kwenye mzinga wako yako vipi?"

Mzee alifikiri, na mkono wake ukachora hewani bila yeye kutaka. "Duara," alisema. "Kama sahani."

Bazilio alikuna kidevu. "Basi kauza masega ya duara, kabaki na yaliyopinda. Mizinga yenyewe kampa mtu wa pikipiki. Jana Isack kaonekana stendi na mizinga mitano juu ya boda yake. Mitano, afande! Hesabu hiyohiyo."

* * *

Isack alikuwa amelala chali juu ya pikipiki yake pale stendi, miguu kwenye usukani.

"Isack, nikisema mzinga unaona nini?"

Kijana alishtuka, akajipapasa mfuko. "Afande, usinipige mzinga saa hizi, bado sijapata hata abiria mmoja."

"Siombi hela. Nauliza magogo uliyobeba jana."

"Aa! Yale ya kwa ticha Philemon, Kibondo. Niliyatoa kwa fundi seremala, nikapeleka. Hata risiti ya mafuta ninayo."

"Kwa nini mtu akiomba hela mnasema kupiga mzinga?"

Isack alifikiri kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Kwa sababu ukimpiga mtu ghafla hawezi kukwepa," alisema. "Bum! Anatoa."

Gari la kituo lilikuwa linakwenda Kibondo mchana ule, na Mwatumu akapanda. Hakutaka kuuacha mlango wa Kibondo ukiwa umeegeshwa, maana wakili yeyote angekuja kuusukuma.

Mwalimu Philemon, mtu wa Njombe aliyeletwa huku na kazi, alimpokea uani katikati ya bata mzinga waliokuwa wakitembea kama wenye nyumba. Mizinga mitano ilikuwa imepangwa ukutani, ikisubiri klabu ya wanafunzi.

"Ukisikia mzinga unaona nini, mwalimu?"

"Naona aibu," Philemon alisema. "Mwanafunzi aliniuliza darasani kwa nini nyuki, jeshi, baa na bata wote wana mzinga. Nikamwambia akaulize nyumbani. Kesho yake akarudi: 'Mwalimu, nyumbani wamesema tukuulize wewe.'"

Mwatumu alipiga goti, akaingiza mkono ndani ya gogo la kwanza mpaka kwenye kiwiko. Ulitoka na vumbi jeupe la mbao. Ndani kulinuka seremala. Mzinga ambao nyuki wameukaa huwa mweusi ndani kwa nta, na hukaa na harufu yake miaka. Huu nyuki alikuwa hajausikia hata jina. Aliijaribu yote mitano, akajifuta mkono.

"Ni mipya," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

"Kwa hiyo nimejibu vibaya?"

"Umejibu vizuri. Ila sikuja kukutafuta wewe."

Njia nzima ya kurudi Kasulu alikaa na lile jiwe mapajani. Dereva alimuuliza ni la nini. Mwatumu akamjibu kwa kitendawili.

"Tega," dereva alisema.

"Mwizi wangu anajua yote anayoyajua mfuga nyuki. Anajua saa ya kuwahamisha, anajua kuziba tundu, hachomi moto, haui hata nyuki mmoja. Lakini mtini hapandi."

"Mlemavu?"

"Hapana."

"Mzee?"

"Wazee wa huku wanapanda mpaka waanguke."

Dereva alishindwa, akampa mji wa Dodoma kama fidia. Mwatumu akaukataa, akamwomba apitie kwa Mzee Venanti.

* * *

Mzee mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwa Bazilio kuendeleza ugomvi. Mkewe, Immakulata, alikuwa jikoni anasaga mtama. Mwatumu alisimama mlangoni akamtazama kidogo kabla ya kubisha. Jiwe kubwa la chini lilikuwa jeusi, limechakaa vizuri kwa miaka ya kazi. Jiwe la mkononi lilikuwa jipya, la rangi nyekundu, lina meno bado, na Immakulata alikuwa anahangaika nalo.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye neza, mwanangu. Karibu, kaa. Jua limekupiga."

Aliletewa maji, akanywa, akasifu. Kisha akaliweka neno lake.

"Mama, nikisema mzinga, wewe unaona nini?"

Immakulata hakufikiri. "Naona nyayo za mume wangu," alisema, "ziko juu ya kichwa changu. Mimi niko chini na kikapu, yeye yuko juu, na tawi linalia. Kila msimu. Mwaka jana tawi halikulia, lilikatika tu. Nilimbeba na Yusta, mkwe wangu, mpaka barabarani. Alipopata fahamu, neno la kwanza akauliza kama mzinga umevunjika."

"Ulimwambia aache kupanda?"

"Nilimwambia. Watoto walimwambia. Padri alimwambia. Anasema mzinga uliowekwa chini ni wa wanawake."

Mwatumu alitikisa kichwa taratibu. "Mama, wewe unapenda vitendawili?"

"Nani hapendi?"

"Kitendawili."

"Tega!"

"Mgeni wangu kaja msituni na kamba. Mti hakupanda, maana ni mwiko kwake. Kairusha kamba juu ya tawi, na ili iruke vizuri kaifunga kitu kizito mwishoni." Alitoa jiwe mfukoni, akaliweka kando ya jiwe la kusagia. Lilikaa hapo kama mtu aliyerudi nyumbani. "Na kitu chenyewe kinanuka mtama."

Immakulata aliacha kusaga. Aliliangalia jiwe, akaliangusha lile jekundu, akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Nimeshindwa," alisema hatimaye.

"Basi nipe mji."

"Mji sina, mwanangu. Nina migomba. Twende migombani."

Nyuma ya nyumba, ndani kabisa ya migomba, mizinga mitano ilikuwa imelazwa juu ya panda fupi za miti, urefu wa kiuno cha mtu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa amani kana kwamba walizaliwa pale. Immakulata alieleza bila kuulizwa: yeye, Yusta na mama mmoja wa jumuiya, jioni, nyasi mbichi zikafungwa kwenye ncha ya mwanzi ili kuziba tundu kutoka chini, kitanzi kikapitishwa kwa mwanzi huohuo, kamba ikavutwa na watatu. Ya kuziba na kuteremsha aliyajua kwa mumewe mwenyewe, aliyekuwa akimsimulia kila walipolala.

"Mama, kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili hii."

"Nilisikia kakamatwa mtu na asali ya wizi. Nikasema labda kaiba kwingine. Nilikuwa namngoja mwanangu mkubwa aje Jumapili tuseme na baba yake pamoja. Niliogopa."

"Mtu huyo ana mke na watoto. Keshokutwa wanaitwa kwenye mahojiano ya safari. Faili likienda mahakamani kesho, hawaendi popote."

Immakulata alishika kichwa. "Yesu Maria. Hilo sikulijua. Nifunge mimi."

"Sijaja kufunga mtu. Lakini mlalamikaji ni Mzee Venanti. Lazima aseme yeye."

* * *

Mzee alikuja na Bazilio, wakiwa bado wanabishana, na kelele zao zilikatika palepale kwenye migomba. Mzee alisimama. Aliuona mzinga wa kwanza, alama yake ya mikato miwili na msalaba ikiwa wazi kabisa ubavuni. Hakuna aliyejaribu kuifuta. Akamtazama mkewe.

"Nani kawashusha hawa?"

"Mimi."

"Umepanda mti?"

"Sikupanda. Nimetumia kamba."

Bazilio alianza kucheka, cheko la tumboni, la kijeshi. "Venanti! Umepigwa mzinga na mkeo! Subiri nikafike kilabuni!"

Uso wa mzee ulibadilika. Mwatumu aliona jinsi alivyouma meno, akajua kwamba hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka. Mzee angeweza kusema neno moja tu, kwamba mali yake imeibwa na anataka sheria, na faili lingeendelea kuwa faili.

"Mzee," alisema, "yule Mkongo nilimuuliza anaona nini akisikia mzinga. Akaniambia anaona watoto wake wakibebwa kukimbizwa. Mkeo nilimuuliza hivyohivyo. Anaona nyayo zako zikianguka. Wewe sijakuuliza."

Mzee Venanti alichechemea mpaka kwenye mzinga wa karibu, akauinamia, akaweka sikio ubavuni. Nyuki wawili walimtembea shavuni, hakuwapangusa.

"Malkia yumo," alisema. "Wameanza kujenga." Akainuka. "Immakulata, nani alikufundisha kuziba kwa nyasi mbichi?"

"Wewe. Ulikuwa unasema mpaka nasinzia."

"Kumbe ulikuwa unasikia." Alimgeukia Bazilio. "Wewe, kilabuni ukasimulie vizuri. Sema wanawake watatu wamehamisha makundi matano na hawakuua nyuki hata mmoja. Wewe na jeshi lako mngechoma msitu." Kisha akamgeukia Mwatumu, akanyoosha mgongo. "Afande, andika. Mizinga ya Venanti haikuibwa. Imehama. Nyuki huhama. Wamehamia kwa mke wangu, na mimi nawafuata."

"Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Na yule mtu umtoe kabla sijala chakula cha jioni, maana sitaweza kumeza."

* * *

Therese alikuwa amekaa nje ya kituo tangu mchana, mtoto mdogo mapajani. Floribert alipotoka hakukimbia. Alitembea polepole kama anayeogopa kuitwa tena. Mwatumu alimrudishia ndoo yake, akamkumbusha kwamba kibali kinachosema soko kinamaanisha soko, na kwamba safari ijayo hatamtafutia mtu jiwe msituni.

"Merci, afande. Aksanti sana."

"Usinishukuru mimi. Na hii kakuletea Mzee Venanti mwenyewe." Alimpa bakuli la bati lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani lilikaa sega zima, la duara kama sahani, halina jivu hata chembe.

Therese alifunua jani. "Hii ni ya wapi?"

"Ya mu muzinga," Floribert alisema.

Mkono wa Therese ulimvuta mtoto kifuani bila yeye kujua, kama ulivyozoea. Lakini mtoto alikuwa keshalisikia neno hilo geni, akainua kichwa kati ya mikono ya mama yake.

"Papa, muzinga ni kitu gani?"

Floribert alimtazama Mwatumu, akatazama bakuli, akavunja kipande.

"Lamba kwanza," alisema.